Atakusomea Odile

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na shemeji yangu Salome, pamoja na watoto na wajukuu wote waliojazana humo ndani. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba umeacha kupanda ngazi za kanisa mbiombio ukijifanya kijana. Huku kisiwani tunashukuru. Mvua iliwahi mwaka huu, viazi vikuu vimetambaa vizuri juu ya miti yake, na mlima wa moto wa Lopevi ng'ambo unafuka moshi mwembamba tu, wa mtu anayevuta bila haraka. Mshelisheli ule wa nyuma ya jiko la mama umeanguka, lakini ulianguka upande wa bahari, haukumwumiza mtu.

Mimi mwenyewe nimebaki kidogo. Nesi wa zahanati huja, hunipima, halafu hutoka nje kuongea na wanawake kwa sauti ya chini, kana kwamba masikio yangu nayo yameugua. Nasikia kila kitu. Sili tena ila uji wa majimbi na maji ya dafu. Kichwa bado ni changu, na mkono bado unaandika, ingawa, kwa jinsi unavyoona herufi zinavyoyumba, mwalimu wangu wa zamani angenirudishia daftari.

Nimepokea mikeka, kilo ya mchele na ile shuka nzuri. Ahsante sana. Nimepokea pia ujumbe ulioletwa na mwanao Willie. Alisimama hapa mlangoni, kijana wa watu, kofia mkononi, akasema, "Shangazi, baba anasema usiwe na wasiwasi. Nguruwe wamepatikana, kava imepatikana, na hotuba ya mazishi ameshaiandika." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwuliza kama hotuba hiyo inaweza kunivumilia nife kwanza. Naye akaona aibu, na kwa kutaka kunifurahisha akanitolea kipande chake alichokuwa amekikariri: kwamba utasimama juu ya kaburi langu na kusema kuwa shule hii tuliijenga pamoja, kaka na dada, mmoja na Kiingereza chake, mwingine na Kifaransa chake, na kwamba hatukuachana mkono hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoomba karatasi na kalamu.

Kaka, ninakuandikia kwa Kifaransa. Najua hukisomi. Najua pia kwamba wajukuu wako wana simu zinazotafsiri kila kitu, lakini mwandiko huu simu itaushindwa. Mimi mwenyewe nausoma kwa kukisia. Kwa hiyo atakusomea Odile Leiwia, binti wa marehemu Leimas wa bondeni, ambaye anakuja huko mjini Vila na meli ya sokoni kuuza majimbi na ndizi zake kama kawaida. Unamjua. Umenunua kwake mara nyingi laplap iliyookwa kwenye majani, ukamsifia nazi yake. Alikuwa mwanafunzi wangu. Anakugeuzia maneno yangu katika lugha yetu polepole, sentensi kwa sentensi, nami nimemwomba asiruke wala asiongeze. Mpe kiti na mpe maji. Ukimkatiza na kumwambia basi, hatabishana nawe; ataikunja barua na kurudi kwenye majimbi yake. Lakini hotuba yako haitasomwa juu ya kaburi langu mpaka uwe umesikiliza yote.

Wewe unajua jinsi nilivyokuheshimu. Tangu nilipovunja ungo sijatamka jina lako. Sijapita mbele yako ukiwa umeketi, sijachukua kitu kilicho juu ya kichwa chako, na sijakusahihisha mbele ya mtu. Kwetu dada hamsemi kaka yake, ndivyo tulivyolelewa, nami nimekufa nusu bila kuvunja hilo. Hata leo mdomo wangu haukusemi. Odile si dada yako.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana mgonjwa ana ruhusa.

Utakumbuka siku baba alipotugawa. Tulikuwa wote wawili shule ya misheni, kwa Kiingereza, wewe ukiwa darasa moja mbele, mimi nikiwa wa kwanza katika langu. Ndipo akaja Bwana Ferrand na mashua iliyojaa mabati, saruji na maziwa ya unga, akasema Ufaransa itajenga shule na kufundisha bure, mradi wapatikane watoto wa kutosha kufungua darasa. Wazee walikaa nakamali, nyumba yao ya wanaume, wakanywa maji machungu ya mizizi ya kava mpaka macho yakawa mazito. Baba akarudi nyumbani amefurahi kama mtu aliyemshinda mwenye duka. Alimwambia mama, "Serikali zipo mbili, ya Waingereza na ya Wafaransa, polisi wapo wa aina mbili, hospitali zipo mbili. Na mimi nina watoto wawili. Nitakosea wapi?" Alikuwa akipanda mashamba mawili, moja mlimani, moja pwani, ili kimbunga kikija kisimkute na mikono mitupu. Hakuna baba visiwani humu ambaye hakufikiri hivyo siku zile. Mvulana akabaki kwa Waingereza. Msichana akapelekwa kwa Wafaransa.

Nililia mpaka nikatapika. Bwana Ferrand alishindwa kutamka Leisau, akaniita Solange, na kwa jina hilo nikaanza upya kutoka alifabeti, mimi niliyekuwa najua kusoma Zaburi. Jioni yake ulinifuata ufukweni kwenye mchanga mweusi. Hukunicheka. Uliniambia, "Usilie. Mimi nitashika huku, wewe shika kule. Atakayefungua mlango wa kwanza asiufunge kabla mwenzake hajapita." Tukakubaliana kwamba kila likizo utanifundisha Kiingereza chako nami nikufundishe Kifaransa changu.

Mimi nilijifunza. Wewe ulifika kwenye kuhesabu mpaka kumi ukachoka. Ulisema Kifaransa ni kama kuongea na kiazi cha moto mdomoni, ukaigiza, nasi wote tukacheka mpaka mama akatufukuza jikoni. Sikukasirika. Nilidhani muda upo.

Jinsi ngazi ile ya shule ilivyopangwa wewe unajua kuliko mimi, maana baadaye uliishika mkononi. Ukimaliza darasa la sita unafanya mtihani, halafu kijiji kizima kinakaa kuzunguka redio kusikiliza majina ya watakaoendelea. Unakumbuka ukimya ule? Mtu akikohoa anapigwa kofi. Jina likisomwa, mama yake anapiga kelele. Lisiposomwa, mtoto anaondoka taratibu kwenda shambani bila kuambiwa. Waliosomwa wanapanda meli, wanasoma la saba mpaka la kumi, kisha mtihani mwingine, na mlango mwembamba zaidi: la kumi na moja, ambalo kwa miaka mingi halikuwapo ila Vila na sehemu chache tu. Na ngazi zilikuwa mbili, ya Kiingereza na ya Kifaransa, zimesimama ubavu kwa ubavu bila ubao wa kuvukia. Mtoto akidondoka kwenye moja hawezi kudakwa na nyingine. Hatukuwa tunasema amefeli. Tulisema amesukumwa nje, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alama anazo, nafasi hana.

Majina yetu yote mawili yalisomwa. Mama alipiga kelele mara mbili, kwa miaka tofauti. Ukaenda kwako, nikaenda kwangu, nikaendelea mpaka Nouméa ng'ambo, kwa Wafaransa, nikarudi mwalimu.

Kisha ukaja uhuru, na zile fujo zake, na ghafla shamba la pwani likachukuliwa na maji. Serikali ilikuwa ya watu waliosoma kama wewe. Sisi wa upande wa pili tulitazamwa kama watu waliolala kitanda kimoja na adui. Nakumbuka siku moja gatini, nikishuka na sanduku la vitabu, mpakiaji mmoja akapaza sauti, "Haya, Mama Bonjour! Marafiki zako wamekunja bendera wameondoka. Wewe wamekusahau?" Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umekuja kunipokea. Ulimwendea yule mtu ukamwambia kwa upole sana, "Huyo ni dada yangu. Beba hilo sanduku mpaka nyumbani kwake." Akalibeba. Kaka, kwa siku ile tu ningekusamehe mengi, na nataka Odile akusomee hilo mara mbili kama hukusikia vizuri.

Ndipo ikaja shule yetu. Majengo mawili, la Kiingereza juu kidogo, la Kifaransa chini karibu na kisima, jiko moja, kengele moja. Watoto waligombana kwa lugha mbili na kuandikiana barua za mapenzi kwa Bislama, lugha ya sokoni. Mimi nilikuwa mkuu wa upande wa chini. Watoto wangu walikuwa wachache, lakini walikuwa wazuri, na Odile alikuwa mzuri kuliko wote. (Soma, Odile. Ndivyo ilivyo.) Shida ilikuwa ile ile: la kumi likiisha, nusu yao walirudi shambani kwa kukosa vitanda Vila.

Wewe ulikuwa umeshapanda cheo, umekuwa mmoja wa watu wanaokaa mezani kuamua kisiwa gani kipate darasa gani. Ukaja kwetu na meli ya serikali. Nilikupikia laplap ya ndizi na kuku, ukala ukalamba majani. Jioni ukasimama nakamali mbele ya wanaume wote, sisi wanawake tukiwa nje tumebana masikio kwenye ukuta wa mianzi, ukasema, "Mwakani darasa la kumi na moja linafunguliwa hapa hapa. Kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Mtoto wa kisiwa hiki hatatapika tena melini kwa sababu ya kusoma." Walicheka, wakashangilia, wakakupa nguruwe wa heshima mwenye jino lililojikunja duara kamili. Mimi nje pale nililia kimya, nikakumbuka ule mchanga mweusi. Nilijiambia, amefungua mlango, na hajaufunga.

Tukajenga. Wanaume walichoma matumbawe kupata chokaa, wanawake walibeba mchanga kutoka pwani kupanda kilima kile unachokijua. Leimas, mama yake Odile, alibeba kuliko wote, kichwani na mgongoni. Akiulizwa kwa nini asipumzike alijibu kwamba atapumzika binti yake akiwa daktari, tena atapumzikia kitanda cha daktari. Mtihani ukaja, watoto wangu wakafaulu. Sikuwaandikisha Vila, kwa kuwa uliniambia nisihangaike, nafasi zao zipo nyumbani.

Februari meli ikaja. Tulisimama gatini na mashada ya maua. Odile alikuwa amekariri salamu ndefu ya Kifaransa ya kuwapokea walimu wapya. Nilikuwa nimemsahihisha wiki nzima. Wakashuka mume na mke kutoka Fiji wenye mtoto mchanga, na kijana mwenye gitaa. Walimu wa Kiingereza. Tukaendelea kutazama ngazi ya meli. Yakashushwa magunia ya mchele, yakashushwa mapipa ya mafuta, akashushwa mbuzi. Kisha wakapandisha nanga. Odile, kwa kuwa alikuwa na maua mikononi na hakujua la kuyafanyia, akawasomea wale Wafiji salamu yake yote ya Kifaransa mpaka mwisho. Wakapiga makofi kwa adabu. Hawakuelewa hata neno.

Jioni yake sauti yako ikaja kwenye redio ya mawasiliano, ikikwaruza. Ulisema Ufaransa imejitoa dakika ya mwisho. Ulisema umepigana mpaka umekosa sauti. Ulisema, "Pole, dada. Vila wamenizidi nguvu." Nami nikakuonea huruma! Nikakwambia ukapumzike. Nikatuma ujumbe shule ya Vila; wakajibu kwamba vitanda vimejaa, kwani ofisi iliwaarifu mapema kwamba watoto wetu wangebaki kisiwani.

Basi nikapita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia wazazi, mmoja mmoja, kwamba ni Ufaransa. Nilitoa neno lako kama ningetoa sadaka, kwa mikono miwili. Leimas alikuwa akiosha sufuria. Hakugeuka. Alisema, "Basi mwambie Mfaransa wako anirudishie mgongo wangu." Mwaka ule ule upande wa juu ulijaa watoto, upande wa chini jengo jipya likawekwa nazi kavu za kopra. Na kisiwa cha kina Salome, cha wakwe zako, nacho kikapata darasa la kumi na moja, la Kiingereza, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Uliniambia ni bahati yao. Nikafurahi nao.

Odile, pumzika kidogo unywe maji. Kaka, sasa nakuja kwenye lile nililoliandikia barua.

Mwaka ule nilipoletwa Vila kupasuliwa jicho, nilikaa kwenye benchi la hospitali pamoja na Kalsei, yule mzee mwembamba uliyekaa naye meza moja ofisini. Alikuwa anasubiri dawa za moyo. Tukaongea habari za zamani, za nani amekufa na nani ameoa tena. Halafu akanigusa mkono akasema, "Lakini mwalimu, una roho kubwa wewe. Mimi ningekuwa wewe, siku ile ningeivunja ile meza." Nikamwuliza siku gani. Akanitazama, akaona, akataka kurudi nyuma. Sikumwachia.

Akaniambia kwamba Ufaransa haikujitoa. Walimu wawili wa Kifaransa walikuwa wameshafika Vila, wamelala nyumba ya wageni na masanduku yao, wakiuliza kila asubuhi meli ni lini. Nafasi zilikuwa mbili kwa kisiwa chetu, moja kwa kila lugha, zimeandikwa na kukubaliwa. Wewe ndiye uliyeinua mkono ukaomba ile ya Kifaransa igeuzwe Kiingereza na ipelekwe kwa wakwe zako, kwa sababu baba mkwe alikuwa amekuahidi kiti cha uchifu wa heshima na ukoo wao ulikuwa ukikusukuma. Ulisema wazazi wa Kifaransa ni wachache, hawatafanya fujo. Kalsei mwenyewe ndiye aliyekuuliza, "Na dada yako je? Yule mwalimu atasema nini?"

Nawe ukajibu, mbele ya wote, "Atasema nini? Kwetu dada hamsemi kaka. Katika visiwa vyote hivi, huyo ndiye mtu pekee asiyeweza kunisema." Wakacheka, Kalsei alisema. Chai ikaletwa, mkaendelea na kisiwa kinachofuata.

Hivyo ndivyo ilivyo, kaka. Ninaungama kwako kwamba nimelijua hili tangu benchi lile. Krismasi zote ulizokuja kula kwangu nilikuwa nalijua. Ulipobariki chakula nilikuwa nalijua. Nilikuwekea paja la kuku, nikakaa chini mbali kidogo kama inavyopasa, nikangoja useme mwenyewe. Kila mwaka nilifikiri, labda safari hii, akishashiba. Mwaka mmoja, baada ya kimbunga, ulisimama ukiangalia lile jengo la chini lililong'oka bati, ukasema, "Dada..." Niliweka sufuria chini. Ukasema, "Dada, hivi chumvi ipo?"

Wakwe zako kupata shule hakunichomi. Watoto wao ni watoto pia. Wamo manesi na mahakimu waliotoka kwenye lile darasa, na sitaki hata mmoja wao arudishwe shambani ili mimi nifurahi. Kinachonichoma ni pale uliponikuta nimefungwa. Heshima niliyokupa tangu utotoni, ile ya kutopita mbele yako, ya kutotamka jina lako, mimi nilidhani ni mkeka ninaokutandikia. Wewe uliipima unene wake, ukaona inaweza kufunika jambo, ukaifunikia. Ungeniiba kitu kingine chochote ningekulalamikia kwa wazee. Hiki nilalamike kwa nani, na kwa mdomo upi?

Sina mtoto, unajua. Nilikuwa na darasa lile.

Mwezi uliopita nilimwita Odile nikamweleza yote. Alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka nyama ikaisha akawa anakuna kifuu, na sauti ile ilinitoboa meno, lakini sikumkataza. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe Wafaransa nimewatukana bure miaka yote hii!" Akacheka, nami nikacheka, tukawa vichekesho viwili. Halafu akainamisha uso kwenye magoti na hakuuinua mpaka nesi alipokuja. Aliniuliza kama mama yake alijua. Nikamwambia hapana, Leimas alikufa akiamini lile nililomwambia mimi mlangoni kwake. Hilo nitamweleza mwenyewe, si mbali sasa.

Nilitaka kumtuma mtu mwingine kwako, mchungaji labda. Odile alikataa. Alisema, "Nilijifunza Kifaransa nikakosa pa kukitumia. Kazi hii nipe mimi."

Sasa kuhusu mazishi. Usipoteze nguruwe wako wala mikeka, vilete. Watu watakuwa wengi na watakuwa na njaa. Njoo na Salome, ambaye sina neno naye, na watoto wote. Kaa mahali pa kaka. Lia, kama utalia. Ila usiseme. Nimeshawaarifu chifu na mchungaji kwamba kaburini ataongea Odile, naye ataongea kwa lugha yetu na kisha kwa Kifaransa, kirefu atakavyo. Wameguna, wamesema haijawahi kutokea kaka yupo hai na mtu mwingine akasema. Nikawaambia wangoje, huenda kaka akaniwahi.

Maana njia ipo. Darasa lile wengi wapo hai. Mmoja anaendesha mashua, wawili wapo Vila humo humo, wengine wamezeeka hapa kijijini na wajukuu. Panda meli kabla sijaondoka. Simama nakamali, mahali pale pale uliposimama na kuahidi, uwaite kwa majina yao, uwaambie kwamba walifaulu, kwamba walimu walikuwepo, na ni nani aliyewarudisha. Usiwape nguruwe wa kuomba radhi kwanza. Waambie kwanza. Ukifanya hivyo, hotuba yako isome juu yangu yote, hata ile sehemu ya mikono, nami nitalala hapo chini bila kugeuka. Usipofanya, sitakulaani, sijui hata kulaani, misheni hawakutufundisha na Bwana Ferrand alisema ni ushamba. Utakaa tu umenyamaza siku hiyo, kama nilivyokaa mimi.

Sijui ulivyo sasa hivi unaposikia haya. Najua huwa unafanya nini ukikasirika: unasugua goti na kusema baadaye. Baadaye sina, kaka.

Nisalimie watoto, hasa yule mtoto mdogo wa Willie anayepiga kelele kama kengele ya shule. Mwambie Salome shuka ni nzuri na rangi yake nimeipenda. Huku wote wanakusalimu, na wanauliza goti. Mimi nikisikia honi ya meli bado namwambia mtu afagie uwanja, kwa mazoea, nikidhani ni wewe. Nakupenda, nami nimeudhika nawe mpaka kwenye mfupa, na vyote viwili nitakwenda navyo.

Usihangaike kuniandikia, huenda barua yako isinikute. Odile akimaliza mstari huu wa mwisho ataweka karatasi chini na kukutazama. Mjibu yeye.

Ni mimi dada yako,
Leisau